Umeme umekatika, bomba limeganda: Funzo la Texas kwa kaya zinazoukabili msimu wa baridi

Mwezi Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas, jimbo la kusini mwa Marekani linalojulikana kwa joto na mafuta kuliko kwa theluji. Ndani ya siku chache nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, na watu zaidi ya milioni 14 walikosa maji au walitakiwa kuyachemsha kabla ya kuyanywa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Takriban theluthi mbili ya waliokufa waliuawa na baridi yenyewe.

Texas ni makazi pia ya maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili. Kwa miaka mingi jimbo hilo limekuwa miongoni mwa yanayopokea wakimbizi wengi zaidi nchini Marekani, na familia nyingi kutoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimepelekwa Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene. Wengi wao hawakuwahi kuishi mahali ambapo maji huganda ndani ya ukuta wa nyumba.

Ilikuwaje jimbo linaloongoza Marekani kwa uzalishaji wa gesi likaishiwa umeme? Kwa nini bomba hupasuka, na kaya ifanye nini kabla fundi hajapatikana? Na kuna mambo gani ambayo kaya, hata ikijiandaa vipi, haiwezi kuyatatua peke yake?

Usiku gridi ilipokaribia kuanguka

Usiku wa kuamkia Februari 15, nyuzijoto zilikuwa zikishuka jimbo zima. Siku iliyofuata Dallas ilifikia nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, hali ambayo haikuwahi kuonekana hapo tangu 1949. Houston, mji ulio karibu na Ghuba ya Meksiko, ulifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Zaidi ya nusu ya nyumba za Texas hupashwa joto kwa umeme, kwa hiyo kadiri baridi ilivyozidi ndivyo mahitaji ya umeme yalivyopanda. Wakati huohuo mitambo ya kuuzalisha ilikuwa ikizimika mmoja baada ya mwingine.

Gridi ya umeme Marekani huenda kwa masafa ya hezi 60. Mzigo ukizidi uzalishaji, masafa hushuka, na yakishuka mno mitambo hujizima yenyewe ili isiharibike. Kabla ya saa nane usiku masafa yalishuka hadi hezi 59.3. Kama yangebaki chini ya hezi 59.4 kwa dakika tisa, sehemu kubwa ya mitambo ingejitoa kwenye gridi. ERCOT, taasisi inayosimamia gridi ya Texas, ilieleza baadaye kwamba zilibaki dakika 4 na sekunde 37 tu.

Wasomaji walioshuhudia Kenya ikiingia gizani Agosti 2023, au Tanzania Aprili 2024, wanajua maana ya gridi nzima kuanguka. Texas ilikwepa hilo kwa kukata umeme wa wateja kwa makusudi, na mzigo uliopunguzwa ulifikia megawati 20,000. Ni mgao mkubwa zaidi wa umeme wa kulazimishwa katika historia ya Marekani. Wakuu wa gridi walisema kwamba bila hatua hiyo, kurudisha umeme kungeweza kuchukua wiki au hata miezi.

Gesi ilihitaji umeme, umeme ulihitaji gesi

Katika siku za mwanzo baadhi ya wanasiasa waliilaumu mitambo ya upepo. Ni kweli kwamba baadhi yake iliganda. Lakini ripoti ya pamoja ya FERC, tume ya serikali kuu inayosimamia nishati, na NERC, taasisi inayosimamia uthabiti wa gridi za Amerika Kaskazini, iliyotolewa Novemba 2021, ilitoa picha pana zaidi. Mitambo 1,045 ilizimika, ilipunguza uzalishaji au ilishindwa kuwaka. Zaidi ya nusu yake, asilimia 58, ilikuwa ya gesi asilia. Robo tatu ya hitilafu zote zilitokana na mambo mawili: vifaa kuganda na kukosekana kwa nishati ya kuendeshea mitambo, hasa gesi.

Gesi yenyewe ilikwama njiani. Visima na mabomba ya kusafirishia viliganda kwa sababu gesi hutoka ardhini ikiwa na maji. Kisha mgao ulipoanza, baadhi ya vituo vinavyosukuma gesi vikakatiwa umeme, kwa kuwa wamiliki wake hawakuwa wameviandikisha kama huduma muhimu zisizopaswa kukatiwa. Kituo kikizimika, gesi haifiki kwenye mtambo wa umeme. Mtambo ukikosa gesi, mgao unaongezeka, na vituo vingine vya gesi vinazimika.

Texas pia ilikuwa peke yake. Marekani bara ina gridi kuu tatu: ya mashariki, ya magharibi, na ya Texas. Tangu sheria ya umeme ya mwaka 1935, kampuni za Texas zilichagua kutouza umeme nje ya jimbo ili zisiwe chini ya usimamizi wa serikali kuu. Matokeo yake, njia za kuleta umeme kutoka majimbo jirani ni chache na nyembamba. Mji wa El Paso, ulioko kona ya magharibi kabisa ya jimbo, umeunganishwa na gridi ya magharibi, na kampuni yake ya umeme iliwekeza kwenye kinga ya baridi baada ya mwaka 2011. Huko umeme ulikatika kwa wachache na kwa muda mfupi.

Na onyo lilikuwapo. Texas ilipata mgao wa baridi mwaka 1989, kisha Februari 2011. Baada ya 2011 FERC na NERC ziliandika ripoti iliyopendekeza mitambo ikingwe dhidi ya baridi: mabomba na vipimo vifunikwe, na vihita viwekwe. Hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha wenye mitambo kufanya hivyo. Wengi hawakufanya.

Mgao ambao haukuzunguka

Mgao wa kawaida ni wa zamu: mtaa huu saa moja, mtaa ule saa inayofuata. Kilichotokea Texas ni tofauti. Njia za umeme zenye hospitali, vituo vya zimamoto au mitambo ya maji haziwezi kukatwa kirahisi. Umeme uliotakiwa kukatwa ulikuwa mwingi kiasi kwamba, baada ya kuziacha njia hizo, hazikubaki njia za kutosha za kupokezana. Aliyekatiwa wa kwanza akabaki gizani kwa siku kadhaa, na aliyeko njia moja na hospitali hakukosa umeme hata saa moja.

Utafiti wa maoni wa Chuo Kikuu cha Houston uliofanywa baada ya dhoruba ulionyesha kuwa asilimia 69 ya wakazi walioulizwa walikosa umeme, kwa wastani wa saa 42. Asilimia 49 walikosa maji ya bomba, na takriban mtu mmoja kati ya watatu alisema maji yaliharibu nyumba yake. Watafiti wengine waliotumia picha za usiku za setilaiti walikuta kwamba maeneo yenye wakazi wengi wasio Wazungu yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukaa gizani. Mjini Austin watu waliokuwa wakitetemeka majumbani walipiga picha majengo marefu ya katikati ya mji, yakiwa matupu na taa zikiwaka.

Kwa nini bomba hupasuka

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani kwamba barafu ndiyo inayolipasua bomba pale ilipo. Kwa kawaida sivyo. Barafu huziba bomba kama kizibo, na inapoendelea kukua husukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda. Shinikizo hupanda hadi bomba linapasuka, mara nyingi mahali ambapo hapana barafu kabisa. Ndiyo sababu koki iliyoachwa ikidondosha maji husaidia hata kama bomba litaganda: inatoa nafasi ya shinikizo kupungua.

Kipimo kinachotumiwa sana kinatokana na majaribio ya Chuo Kikuu cha Illinois: bomba lisilofunikwa, lililo mahali pasipopashwa joto, huwa hatarini nje kukifika nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, sawa na 20 kwa kipimo cha Farenhaiti kinachotumika Marekani. Upepo unaopenya kwenye tundu la ukuta unaweza kuharakisha hali hiyo.

Nyumba za kaskazini mwa Marekani hujengwa kwa kutarajia baridi. Mabomba huzikwa ndani zaidi ardhini na hupita katika chumba cha chini ya nyumba chenye joto. Nyumba nyingi za Texas zimesimama juu ya zege bila chumba cha chini, na mabomba hupitishwa juu ya dari au ndani ya ukuta wa nje. Umeme ukiwapo, joto la nyumba huyalinda. Umeme ukikatika, kinga hiyo hutoweka baada ya saa chache.

Uharibifu huonekana siku barafu inapoyeyuka. Bomba lililopasuka usiku wa baridi hukaa kimya likiwa limezibwa na barafu yake. Jua likitoka, maji huanza kumwagika kutoka darini wakati watu wakidhani kwamba shida imekwisha.

Kabla baridi haijafika

Jambo la kwanza kulijua katika nyumba yoyote ya nchi ya baridi ni mahali ilipo koki kuu ya kufungia maji. Texas mara nyingi huwa kwenye kisanduku kilichofukiwa karibu na barabara, pamoja na mita. Nyingine hufunguliwa kwa ufunguo maalumu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Katika jengo la vyumba vya kupanga, koki hiyo inaweza kuwa chini ya mamlaka ya mwenye jengo. Ni vizuri kumuuliza mapema iko wapi na nani ana ruhusa ya kuifunga usiku.

Hatua nyingine hazina gharama kubwa. Mpira wa kumwagilia maji nje uondolewe na koki ya nje ifunikwe. Mabomba yanayoonekana, yaliyo gereji, darini au chini ya sinki, yavalishwe sponji ya mabomba, au hata matambara yaliyofungwa vizuri. Milango ya kabati za chini ya sinki ifunguliwe ili joto la chumba liyafikie mabomba. Mlango wa gereji ufungwe. Maji ya kunywa yawekwe kwenye vyombo safi, na beseni la kuogea lijazwe maji ya kusukumia choo.

Baridi ikiwa imekwisha kuingia, acha koki iliyo mbali zaidi na mita idondoshe maji, ya moto na ya baridi. Ukiifungua na ikatoa tone moja moja tu au isitoe kitu, bomba limeganda. Iache wazi. Lipashe joto polepole kwa kikaushia nywele au taulo zilizochovywa maji ya moto, ukianzia upande wa koki kurudi nyuma. Usitumie moto wa wazi wala jiko. Bomba likipasuka, funga koki kuu kwanza, kisha zima hita ya maji. Maji yakisogelea soketi au nyaya, zima umeme kwenye swichi kuu iwapo unaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Piga picha za kila kitu kabla ya kusafisha.

Ushauri unapogongana

Texas ilionyesha kwamba ushauri mzuri kwa nyumba moja unaweza kuwa mzigo kwa mji mzima. Mamilioni ya koki zikidondosha maji kwa pamoja, huku maelfu ya mabomba yakivuja, shinikizo la mfumo hushuka. Mitambo ya maji nayo ilikuwa imekosa umeme. Houston ikafika mahali pa kuwaomba wakazi wasiache maji yakitiririka, kwa sababu hospitali na zimamoto zilihitaji shinikizo.

Katika hali hiyo iko njia ya tatu ambayo watu wachache waliifahamu: kufunga koki kuu, kufungua koki zote za nyumba na kuacha maji yatoke hadi yaishe. Bomba tupu haligandi. Nyumba yenye hita ya tangi inapaswa kuizima kabla ya kufanya hivyo, maana hita ya umeme ikiwaka tangi likiwa tupu huungua.

Mgongano wa pili ulihusu maji ya kunywa. Shinikizo likishuka, uchafu unaweza kuingia kwenye mabomba, na ndiyo maana miji ikatoa amri ya kuchemsha maji hadi yatokote kwa dakika mbili. Lakini mwenye jiko la umeme aliambiwa achemshe maji wakati hana umeme. Mwenye jiko la gesi aliweza kuliwasha kwa kiberiti. Wengine walitegemea maji ya chupa yaliyogawiwa kwenye foleni ndefu, au waliyeyusha theluji kwa ajili ya choo.

Mkaa hauna nafasi ndani ya nyumba

Hili ndilo jambo zito kuliko yote kwa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo. Kwetu umeme ukikatika, jibu ni jiko la mkaa. Mara nyingi hupikiwa uani, au kwenye jiko la nje lenye mapengo kati ya ukuta na paa, na hewa hupita. Hata hivyo, kwenye nyanda za juu zenye baridi hutokea watu wakaingiza jiko chumbani usiku na wasiamke.

Nyumba ya Marekani imezibwa zaidi. Madirisha ya vioo na milango yenye mipira imekusudiwa kuzuia hewa. Mkaa ukiwaka humo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, rangi wala ladha. Gesi hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mtu aliyechoka kwa baridi anaweza kudhani ni uchovu tu. Aliyelala huenda asihisi chochote.

Katika wiki ile ya Februari 2021 zaidi ya watu 1,400 walikwenda hospitali na zahanati za Texas kwa sumu ya gesi hiyo, na idara ya afya ya jimbo iliiorodhesha kuwa chanzo cha vifo 19. Watu waliwasha jiko la kuchomea nyama ndani, waliweka jenereta gereji, au walikaa ndani ya gari lililokuwa likiunguruma gereji ili wapate joto na kuchaji simu. Wakati huo Texas haikuwa na sheria ya jimbo zima ya kulazimisha kila nyumba kuwa na king'ora cha gesi hiyo.

Kanuni ni chache na hazina mjadala. Mkaa, jiko la nyama na jiko la gesi la kambini vitumike nje tu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote. Gari lisiwashwe gereji hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Oveni ya gesi isitumiwe kupasha nyumba joto. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. King'ora kinachotumia betri huuzwa madukani kwa bei ya kawaida, na ndicho kifaa cha kwanza cha kununua kabla hata ya hita. Mtu akihisi dalili, wote watoke nje kwanza, ndipo wapige 911.

Joto salama lisilohitaji umeme linatokana na kupunguza nafasi. Familia ikae chumba kimoja, kidogo, kisicho upande wa upepo. Taulo liwekwe chini ya mlango, blanketi litundikwe dirishani, watu wavae nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, kofia na soksi. Wazee na watoto wachanga waangaliwe kwa karibu, kwa sababu wanaweza kupoteza joto bila kutetemeka sana. Mtu anayesema maneno yasiyoeleweka, anayepepesuka au anayelala kupita kiasi kwenye baridi anahitaji daktari. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hiyo ni dharura.

Mpangaji na dari iliyoanguka

Baada ya maji kukauka, swali lilikuwa nani alipe. Familia nyingi za wahamiaji ni wapangaji, na sheria ya Texas haiko upande wao kama wengi wanavyodhani. Mwenye nyumba anapaswa kurekebisha kitu kinachohatarisha afya au usalama wa mpangaji wa kawaida, lakini mpangaji lazima awe amelipa kodi na awe ametoa taarifa. Taarifa ya maandishi ndiyo salama zaidi. Aliyezuia kodi kwa hasira alijikuta akipoteza haki yake.

Pale uharibifu unapokuwa umekatiwa bima na mwenye nyumba, muda wake wa kufanya matengenezo huanza kuhesabiwa siku anapopokea fedha za bima. Hiyo inaweza kuwa wiki nyingi za kuishi chini ya dari yenye tundu. Nyumba ikiwa haikaliki kabisa, upande wowote unaweza kuvunja mkataba. Ikiwa ni sehemu tu isiyotumika, punguzo la kodi hupatikana mahakamani, isipokuwa mkataba uwe na utaratibu mwingine.

Bima ya mwenye nyumba hailipii kitanda, nguo wala televisheni ya mpangaji. Hivyo vinahitaji bima ya mpangaji mwenyewe, ambayo watu wengi hawana. Rais Joe Biden alitangaza hali ya maafa Februari 19, na shirika la serikali kuu la kukabili majanga, FEMA, likaanza kutoa misaada kwa wakazi wa kaunti 77, idadi iliyoongezeka baadaye. Wakimbizi na waliopewa hifadhi walikuwa na haki ya kuomba sawa na raia. Aliyepiga picha, akaweka risiti na kuandika tarehe alikuwa na njia rahisi zaidi.

Onyo la lugha gani?

Maelezo haya yote yalikuwepo mwaka 2021. Yalikuwa kwenye tovuti za miji, televisheni na simu. Kilichokosekana kwa wengi ni kuyapata kwa lugha wanayoielewa kabla umeme na intaneti havijakatika. Onyo la dharura linalotumwa kwa simu za mkononi Marekani lilikuwa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Mwaka 2023 FCC, tume inayosimamia mawasiliano, iliidhinisha matayarisho ya ujumbe wa dharura katika lugha 13 zinazozungumzwa zaidi nchini humo mbali na Kiingereza. Kiswahili hakimo.

Kwa hiyo kazi hiyo huangukia makanisa, misikiti, vyama vya jamii na makundi ya simu. Ujumbe mmoja wa sauti wa dakika mbili, unaoeleza koki kuu iko wapi na kwa nini mkaa usiingizwe ndani, unaweza kufika mahali tovuti ya mji haifiki. Utumwe wakati umeme upo. Ni muhimu pia kila mtu nyumbani, pamoja na watoto, ajue anwani yao kwa ukamilifu. Vituo vingi vya 911 hutumia wakalimani wa simu, na kutaja neno "Swahili" mwanzoni mwa mazungumzo huokoa muda.

Nini kimebadilika

Juni 2021 gavana Greg Abbott alitia saini sheria inayolazimisha mitambo ya umeme, na sehemu ya miundombinu ya gesi, kukingwa dhidi ya baridi, kwa faini inayoweza kufikia dola milioni 1 kwa siku. ERCOT sasa hukagua mitambo kabla ya msimu wa baridi. Umeme wa jua na betri kubwa za kuhifadhi umeme umeongezeka kwa kasi. Januari 2024 baridi kali ilirudi, na gridi ilipita bila mgao.

Lakini gridi iliyo imara haimaanishi kwamba taa haitazimika. Februari 2023 barafu ilielemea miti ya Austin, matawi yakaangukia nyaya, na zaidi ya wateja 150,000 wakawa gizani kwa wakati mmoja. Mitambo ilikuwa ikizalisha umeme wa kutosha, lakini nyaya za mitaani zilikuwa chini. Nje ya Texas, Desemba 2022, mamlaka ya TVA inayohudumia Tennessee na majimbo jirani iliagiza mgao kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mji wa Jackson, Mississippi, ulikosa maji baada ya mabomba yake kupasuka kwa baridi wakati wa Krismasi.

Katika visa vyote hivi, kaya haikuwa na uwezo wa kuamua kama kisima cha gesi kitakingwa, au kama njia yake ya umeme itakuwa ya kwanza kukatwa. Maamuzi hayo ni ya wenye mitambo, wasimamizi na wabunge, na yalipoahirishwa mwaka 1989 na 2011, gharama ilikuja kulipwa majumbani. Kilicho mikononi mwa kaya ni kidogo, ila kinahesabika: koki kuu, king'ora cha gesi, chumba kimoja chenye joto, na jirani wa kumgongea mlango. Msimu wa baridi ukikaribia, hayo manne yanaweza kukaguliwa kwa jioni moja.